Kogo, Kizazi na Njia Mbili za Daktari

Akina mama wenzangu, mnaniona nimesimama bila kushika kiti. Kwa hilo peke yake ningeweza kushukuru mpaka chai yenu ipoe.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi. Shamba letu liko karibu na Roret, nami nilikuwa nachuma majani ya chai nikiimba, kikapu mgongoni, na kuwatania waliobaki nyuma. Kisha damu ya mwezi ikaanza kuja na mabonge kama vipande vya maini, wala haikukatika. Asubuhi tunajifunga nailoni kiunoni, kwa mbele, umande usitulowanishe. Mimi nikaanza kuifunga kwa nyuma ili kuficha madoa ya sketi. Jirani yangu akauliza, "Wewe, leo umande iko upande ya matako?" Nilicheka naye, lakini haya ilinijaa mpaka machozi.

Tumbo likavimba, watu wakanipongeza kwa mimba isiyokuwepo. Nikiinuka, naona kizunguzungu. Siku moja nikaanguka katikati ya michai, na mume wangu, Kiprono, akanipeleka hospitali upande wa Bomet.

Daktari alikuwa kijana mpole kutoka pwani, mwenye Kiswahili kama cha redio. Alinibonyeza tumbo, nikapigwa picha, akasema ni uvimbe na si saratani, ila damu yangu imepungua mno. "Tutakuongeza damu, kisha tutoe kizazi," akasema. "Ukiendelea kuvuja hivi, tutakupoteza."

Mama mkwe wangu, tunayemwita Kogo, yaani nyanya, akasimama. Kwake yeye kizazi ni watu: watoto, wajukuu, ukoo mzima. "Hapana, taktari. Damu weka. Lakini kizazi ya Kiprono hakuna mtu atatoa!"

Kiprono akatazama viatu vyake. Siku zile, pale tulipokuwa, mke hakuingia chumba cha upasuaji mpaka mume akubali, na mume wangu hakukubali jambo bila mama yake. Nikalazwa wodini nikiwa bado natokwa na damu. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, maana niliona nakufa kwa sababu ya heshima.

Aliyeniokoa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, Mama Wambui, mwenye duka Kericho mjini. Alikuwa ameketi anasuka sweta. "Kogo, kizazi si watu," akasema. "Ni ile nyumba ya mtoto, huku ndani ya tumbo. Mimi yangu imetolewa juzi, na watoto wangu wako dukani saa hii wanamaliza sukari."

"Nyumba?" Kogo akashangaa. "Si angesema nyumba! Na walikupasua wapi?"

"Hawakupasua tumbo. Walipitia chini, mahali mtoto hupitia. Yangu ilikuwa imeshuka, inachungulia nje."

Kogo akakaza leso yake. Kisha akamwita Kiprono. "Watoto walishatoka. Mwambie taktari abomoe nyumba."

Niliposikia habari ya Mama Wambui, nami nikaomba njia ya chini. Daktari hakunicheka. Akaketi. "Ile haina mshono tumboni, maumivu yake ni machache, na mtu hurudi kwake mapema. Inapowezekana, naipenda. Lakini uvimbe wako ni kama kabichi, na hausogei. Nikiuvuta kwa chini naweza kurarua kibofu. Nasikia kwingine wameanza kupitisha kamera kwenye vitundu vidogo, lakini hapa hatuna. Wewe nitapita juu. Vifuko vya mayai ni vizima, nitaviacha." Nilimwamini kwa sababu aliniambia na yale asiyoweza.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira wa mkojo na mshono uliowaka kila nilipokohoa. Nilijifunza kukohoa nimekumbatia mto. Nesi akasema nisile chochote mpaka nitoe hewa. Kogo alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, akakaa nacho mapajani akiingoja hewa yangu jinsi tunavyongoja lori la majani. Ilipotoka, wodi nzima ilipiga makofi. "Asante Yesu!" Kogo akapaza sauti. Nesi akaniruhusu chai ya rangi tu, basi mursik Kogo akainywa mwenyewe kwa furaha.

Nyumbani alinikanda kwa maji ya moto. Asubuhi moja mkono wake ukasimama. "Mama Chebet," akasema bila kunitazama, "ile kitu ya Mama Wambui, ya kuchungulia nje. Yangu pia. Tangu nizae Kiprono. Huwa narudisha na kitambaa, naenda shamba."

Hasira yote niliyombebea iliniisha pale pale. Nililia, naye akanikemea nisiharibu mshono.

Tulimpeleka kwa daktari yule yule. Yeye alipitiwa chini, na upesi akawa anatembea uani akiuliza mbona mimi bado najikunja. Lakini kuinua ndoo tulikatazwa sote wawili, hivyo Kiprono akateka maji mwenyewe, na majirani wakapita makusudi kumtazama.

Basi, dada zangu, damu ikizidi usigeuze nailoni. Nenda. Neno la daktari usilolielewa, liulize hata mara ngapi. Muulize pia njia zilizopo na ipi inaufaa mwili wako, maana iliyomfaa jirani huenda isikufae wewe.

Watu huniuliza ipi bora, ya juu au ya chini. Huwa namwita Kogo atoke jikoni, tusimame pamoja, wamshukuru Mungu kwa zote mbili. Naye hakubali kusimama mpaka awavute wajukuu mbele yetu. "Nyumba zetu taktari alibeba," husema, akiwashika vichwa. "Kizazi ndiyo hii."