Mzimu Uliopiga Magoti

Siku ile naikumbuka tangu asubuhi yake, mwanangu, kwa sababu uwele ulikuwa umekauka vizuri nami nilikuwa juu ya paa nikiugeuza kwa mikono. Paa la tembe lile, la udongo, tambarare, si haya mabati yenu ya Miyuji yanayopiga kelele jua likiwaka. Chini yangu, ndani ya nyumba, nikasikia jiwe la kusagia linasaga. Kwaru, kwaru, kwaru. Na ndani hakukuwa na mtu.

Usinikatize. Najua umekuja kuniambia nyumba uliyoolewa ina mzimu, na kwamba mumeo ameshakubali mganga aje. Nimekusikia. Sasa kaa mimi nimalize yangu, halafu mwite huyo mganga wako ukitaka.

Nilikuwa mgeni Mkonze, nimeolewa miezi miwili tu, tena kwenye nyumba iliyofiwa. Mke wa kwanza wa mume wangu alikufa kwa homa wakati wa mvua, akaacha mtoto mmoja wa kike, umri wa kung'oka meno ya mbele. Jina la mtoto nalificha kwanza, nina sababu zangu. Mume mwenyewe hakuwepo. Wakati huo Mjerumani alikuwa anaivuta reli yake kuelekea Zuzu, askari wa boma wakapita wakikusanya vijana wa kupasua mawe, na wangu akachukuliwa. Nikabaki na mama mkwe, na huyo mtoto, na chumba kimoja ambacho sikukipenda.

Chumba hicho kilikuwa cha marehemu. Jiwe lake la kusagia lilikuwa bado limo, limegeuzwa kifudifudi kama wazee wa nyumba ile walivyotaka, lisiguswe mpaka mavuno yaingie na mwenyewe atambikiwe. Na mwaka ule habari za mizimu zilikuwa kila mahali. Baruti za reli zililia mchana kutwa, na wanawake kisimani wakasema Mjerumani amepasua vilima walimolala wazee, kwa hiyo wazee wanazunguka, hawana pa kukaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliyaamini yote, na nilipoyasimulia niliyatia chumvi mwenyewe.

Basi jiwe likasaga siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, kila mara jua likiwa utosini. Siku ya nne nikajikaza nikashuka. Tembe ndani ni giza hata mchana, nikapapasa ukuta mpaka nikalifikia jiwe. Lile kubwa lilikuwa kifudifudi vilevile. Lakini lile dogo, la kushika mkononi, lilikuwa na joto. Weee! Nilitoka mbio mpaka nikamkanyaga mbuzi.

Nikamwambia mama mkwe kwamba mwenye nyumba amerudi na hanitaki. Kisha nikaenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapoona aibu hadi leo. Nikasema marehemu anamfuata mwanawe. Mtoto mwenyewe alikuwa ananitisha. Tangu mazishi hakulia hata mara moja. Chakula nilichompakulia hakugusa mpaka nimpe kisogo, na usingizi alikuwa hapati, anakodoa macho tu. Nikasema huyu ndiye anayemwita mama yake, apelekwe kwa mjomba wake Bahi, nyumba ipumue.

Kwa mjomba mwaka ule kulikuwa na njaa, watu wanachimba mizizi porini. Nilijua hilo, mwanangu, nikasema hivyohivyo. Nikaapa kwamba asipoondoka yeye nitaondoka mimi. Wazee wa ukoo hawakutaka mke wa pili naye apotee mume akiwa relini, wakatuma mtu Bahi. Mjomba akajibu kwamba atakuja na punda wake baada ya siku tatu.

Mama mkwe hakubisha. Alikuwa mama mfupi, mvuta ugoro, mwenye maneno machache, na huyo mtoto alikuwa mjukuu wake pekee. Hakunicheka wala hakusema mizimu haipo, maana yeye mwenyewe kila mwaka aliwamiminia wazee wake pombe chini. Aliniuliza maswali tu. Linasaga wakati gani? Nikamwambia adhuhuri. Wakati huo ndama wanakuwa wapi? Nikasema wamelala kivulini. Mtoto ndiye aliyekuwa akiwachunga karibu na nyumba. Na juzi, yeye alipokwenda na mtoto kisimani wakachelewa kurudi, nilisikia kitu? Nikafikiri. Juzi sikusikia. Nikamwambia basi mzimu ulimfuata mtoto kisimani.

Loo, nilikuwa na akili kweli.

Akanitazama, akavuta ugoro wake, akaingia jikoni. Akarudi na ungo umejaa majivu, akanipa mimi.

"Umesikia wewe, utatafuta wewe," alisema. "Mwaga majivu haya chumba kizima, halafu rudi juu kwenye uwele wako. Likisaga, usikimbie. Shuka."

Hiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mjomba kufika. Nikamwaga majivu, nikapanda paani, nikawa nageuza uwele. Jua lilipofika utosini, likaanza. Kwaru, kwaru. Nikatamani kurukia upande wa pili wa zizi nikimbilie kwetu. Ilipita kitambo ndipo nikakumbuka nimeambiwa nishuke. Nilipofika chini, jiwe lilikuwa limenyamaza, na mama mkwe ananisubiri mlangoni ameshika kijinga cha moto cha kutumulikia.

Tukaingia. Kwenye majivu kulikuwa na nyayo ndogo, vidole vimeachana. Na mbele ya jiwe kulikuwa na vishimo viwili vya mviringo. Mama mkwe akachutama, akanionyesha kwa kidole. Ni magoti. Mtu alikuwa amepiga magoti akisaga, kama sisi sote tunavyopiga. Jiwe kubwa lilimshinda kuligeuza, kwa hiyo alisaga mgongoni mwake, bila punje hata moja, jiwe kwa jiwe.

Hakuwa amekimbia. Alikuwa amejikunja nyuma ya jiwe, ana majivu mpaka kwenye kope, jiwe dogo amelishika. Amelala fofofo, yule ambaye nilisema hapati usingizi. Mwanga ukamwamsha. Aliponiona akarudi nyuma mpaka ukutani. Bibi yake akamuuliza polepole anafanya nini humu, naye akamjibu bibi yake, si mimi.

"Mama akisaga, mimi nalala. Sasa hasagi, ndiyo nasaga mwenyewe."

Mama mkwe hakupandisha sauti, lakini maneno yale ninayo mpaka leo.

"Siku zote hizi nyumba hii ina mtoto anayelia kwa jiwe," aliniambia, "nawe umesikia mzimu."

Nililia, tena kwa sauti. Angeweza kuniacha hapo. Angeweza kunipeleka mbele ya wazee wote nikaumbuka, na ningestahili. Badala yake alileta pombe kidogo kwenye kibuyu, akaimimina mbele ya jiwe, akamwomba marehemu radhi kwamba tumefanya haraka kabla ya siku yake. Kisha akaniambia nishike upande mmoja, naye akashika mwingine, tukaligeuza. Akanituma paani nikateremsha uwele.

Nikapiga magoti nikasaga. Mtoto alisimama mlangoni muda mrefu, ananitazama, nami sikumwita. Baadaye nikahisi paji la uso mgongoni kwangu. Kisha akalia, mara ya kwanza tangu amzike mama yake, akalia mpaka nguo yangu ikalowa, na mimi nikaendelea kusaga kwa sababu niliogopa kuacha. Alipolala nilijua, maana uzito wake mgongoni ulibadilika. Unga ukapita kiasi tulichohitaji, mikono ikavimba, sikuacha.

Mjomba alikuja kama alivyosema. Akala ugali na mlenda, akafungiwa unga wa kutosha kupeleka kwake, akarudi Bahi na punda wake bila mtoto. Mama mkwe aliwaambia wazee kwamba mambo ya nyumbani yamekwisha, basi. Mume wangu aliporudi kutoka relini hakuambiwa kitu. Yule mama alikaa na aibu yangu kama yake mpaka akafa, na sijawahi kumshukuru vya kutosha. Ndiyo maana nikisaga kitu chochote humwagia punje chache chini, kwa ajili yake. Umeniona nikifanya, ukadhani ni uzee.

Mimi sikujaliwa kuzaa, hilo unalijua. Na yule mtoto ni Nyemo. Ni mama yako, huyo hapo nje anayepepeta na kujifanya hasikii. Leo ananishika mkono kunipeleka chooni, ananikatia nyama vipande vidogo, na ananigombeza nisipokula. Kama punda yule angeondoka naye, ningekuwa kikongwe nisiye na mtu, na wewe usingekuwepo hapa nikusimange.

Kwa hiyo sikiliza. Sisemi mizimu haipo, mimi ni nani hata nijue? Nakwambia tu kabla hujaita mganga, ingia chumba unachokiogopa, tena mchana. Uliza sauti inakuja saa ngapi, na nani anakuwa wapi. Angalia nani humo ndani hali, nani halali, nani hajalia tangu afiwe. Umenieleza milango, umenieleza vishindo, umenieleza mpaka mbwa wa jirani. Watu unaoishi nao hukunieleza hata mmoja.

Chukua majivu hapo jikoni, uondoke nayo. Mungu akutangulie, mwanangu, na mvua ikukute umeshalima. Jiwe la nyumba yako lisikose nafaka, na mgongo wako usikose wa kuulalia.