Mchele wa Katikati ya Shamba

Nilikula mchele wa Mungu nikiwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni mwa jiko la mtunza ghala wa kanisa. Bibi alikuwa amenituma kurudisha ungo. Nikakuta wakwe wa yule mzee wameleta posa, wamekaa mkekani wanakula na kusifia. "Wali huu hata mboga hautaki!" mmoja akasema, wakacheka. Pembeni ya mafiga kilikuwepo kikapu chetu, kile chenye mkono ulioshonewa kipande cha khanga nyekundu ya Bibi. Siku mbili tu nyuma, Jumapili, nilikiona mbele ya altare.

Mzee akaona macho yangu yalipo. Akachota wali, akafinyanga tonge, akanipa. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikala. Akasubiri nimeze, ndipo akasema taratibu, "Haya mjukuu wangu, ukienda kumwambia bibi yako, usisahau kumwambia na wewe umekula."

Ngoja nirudi nyuma, rafiki yangu, ujue mchele huo ulikuwa nini.

Shamba letu lilikuwa bondeni, upande wa mto Lumemo. Mpunga ukianza kushika punje, sisi watoto tulihamia kwenye dungu, lile jukwaa la miti la kufukuzia ndege. Kutwa nzima tunapiga debe, tunarusha udongo kwa kombeo, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mchana Bibi anatuletea ugali na kambale wa moshi, tunakula miguu ikining'inia. Mikono inanuka samaki na tope. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Mpunga ukiiva, watu wengi walikata sadaka ya mavuno pembeni, karibu na njia, palipokwisha kupitiwa na ndege, panya na miguu ya watu. Bibi hapana. Aliingia katikati kabisa, pale mpunga ulipobeba vizuri, akakata suke moja moja kwa kisu kidogo. Mpaka mpunga ule ufike kanisani, nyumbani kwetu hakuna aliyetafuna punje mpya. Hakuupeleka mashineni kwa sababu mashine inavunja. Tuliutwanga kwenye kinu, kisha tukakaa mkekani tunachambua, punje nzima huku, chenga kule. Chenga zetu, nzima za Mungu. Siku moja nikanuna nikamuuliza, "Bibi, kwani Mungu ana meno?"

"Hana," akasema. "Ana macho."

Mwaka ule mto ulifurika ukafagia bonde. Kikabaki kile kipande cha katikati, kwa kuwa kilikuwa kwenye mwinuko. Ukitwanga wote unapata kikapu kimoja. Jirani yetu akaja kumwambia Bibi, "Mama, mwaka huu Mungu ataelewa. Wapikie watoto." Bibi akamjibu kwamba mchele ule Mungu hali, unapikiwa wagonjwa wa hospitali wasio na ndugu wa kuwaletea sufuria. "Na wao mafuriko yamewakuta," akasema. Akabeba kikapu. Sisi tukala viazi pori, vile vya kuchemsha na kumwaga maji mara tatu ndipo visikulevye. Nilimchukia siku ile, sikufichi.

Basi huo ndio mchele waliokula wakwe.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne Bibi anamenya viazi, nikamwambia yote, na langu pia, nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Aliweka kisu chini.

"Wewe ulikuwa na njaa," akasema. "Yeye alikuwa na nini?"

Akanishika mkono mpaka kwa katekista. Katekista akasikiliza huku anaangalia pembeni. "Mama, ukishatoa umetoa. Ukianza kufuatilia sadaka utapoteza baraka." Alikuwa anajua. Siku ya posa na yeye alikaa kwenye ule mkeka, nilimwona kwa macho yangu. Na yule jirani, aliyekiona kikapu kikiingizwa kwa mtunza ghala mchana kweupe, akasema hataki maneno na wakubwa wa kanisa. Nawataja wote watatu: mtunza ghala, katekista, jirani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini watatu naweza kuwahesabu.

Mwaka uliofuata watu walidhani Bibi atakata pembeni kama wengine, au hataleta kabisa. Akaingia katikati, na kisu chake kidogo. Siku ya mavuno mtunza ghala akanyoosha mikono apokee; Bibi akampita kama nguzo. Akaweka kikapu mbele ya altare, akakaa chini pembeni yake mpaka misa ikaisha. Kisha akakibeba mwenyewe, akapika mwenyewe, tukapeleka sufuria wodini. Alifanya hivyo mpaka alipokufa. "Aliyeiba ni mtu," aliniambia. "Mungu hajaniibia kitu."

Siku hizi madungu ni ya kutafuta. Ile mbegu ndefu yenye harufu imeachwa, watu wanataka fupi inayowahi. Vinu vimegeuzwa vigoda. Na siku ya mavuno naona watu wanashusha mifuko ya dukani, mingine chenga tupu, na wanaimba kwa nguvu.

Jumapili iliyopita mtunza ghala, sasa mzee sana, amekalishwa kiti cha mbele, amevishwa kitenge kipya, ametangazwa mtumishi mwaminifu. Vigelegele. Mimi nimekuja na kikapu changu, kutoka katikati. Akinamama wakaninong'oneza, "Mpe mzee apokee, dada, usituaibishe." Nikampita. Nikakaa chini pembeni ya kikapu, na magoti yangu haya mabovu.

Mzee, masikio yako bado mazima, ulikuwa unaitika kila ulipotajwa. Sitaki unirudishie mchele. Nataka usimame mbele ya watu walewale waliokupigia vigelegele, uvue hicho kitenge, umjibu Bibi. Mimi nilikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na nini?