Mama Kadi na Maneno Yasiyoleta Kitabu

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa mlangoni, Mama Kadi ameshavaa miwani na kuinamia kompyuta nyuma ya kaunta ya maktaba ya chuo kikuu. Anasoma orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta jana wasipate kitu.

"Huyu ameandika 'presha'," anasema. "Sisi tumeandika 'shinikizo la damu'. Vitabu vipo kumi na vinne, yeye ameambiwa hakuna."

Anaongeza neno hilo kwenye jedwali la maneno yenye maana moja, anajaribu tena. Vyote kumi na vinne vinajitokeza.

Ana miaka hamsini na sita. Alianza hapa akiandika kadi za vitabu kwa mkono, ndiko jina lilikotoka. Mfumo wa zamani wa kutafutia vitabu ulikuwa mali ya kampuni. Kubadili hata neno moja ni mpaka uiandikie. Barua zake tatu hazikujibiwa.

Kilichomkaa rohoni ni mwanafunzi wa uuguzi aliyefeli.

"Aliniambia, 'Mama, kwenye kompyuta kitabu hakikuwepo.' Nikamshika mkono hadi rafuni. Kilikuwepo, kina vumbi."

Binti alirudia mwaka. Mama Kadi akasimama kikaoni, akaomba wahamie programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Mkuu wa maktaba akauliza ikiharibika alaumiwe nani.

"Mimi," akajibu.

Na iliharibika. Wiki ya tatu alisahau alama moja ya mkato kwenye jedwali, na hadi saa sita mchana hakuna aliyepata kitabu. Alikwenda kwa mkuu kabla hajaitwa.

"Nilijua atasema turudi tulikotoka. Akauliza tu, 'Kosa umeliona?' Nikamwambia ni mkato. Alicheka mpaka akafuta machozi."

Leo wanaotoka mikono mitupu wameshuka kutoka mia tatu kwa wiki hadi arobaini.

"Mimi niliisimika programu tu," anasema fundi wa kompyuta wa chuo. "Aliyeifundisha lugha ya watu ni yeye."

Mama Kadi amebakiza miaka minne astaafu. Jedwali lake lina maneno zaidi ya elfu mbili, na anataka maktaba nyingine zilichukue bure. Chuo kimoja cha ualimu kimeshaliomba. Ijumaa anakwenda kuwaonyesha.

"Nimewaomba wanitafutie kiti katikati ya wanafunzi," anasema. "Nataka kusikia wao vitu wanaviitaje."