Waya Uliofukizwa Udi

Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka huu tulimzika dada yangu Mwanasiti, na nyumba yetu ya Kisauni ikapoteza kicheko ambacho hata jirani wa nyumba ya tatu alikijua. Walipokwisha kumwosha, harufu ya udi ilitoka chumbani ikapita chini ya pazia, ikanikuta nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Watu wengi wa kwetu wakisikia udi hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka plastiki ikiungua. Sisemi hivi kwa mzaha. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na sijui kuandika mambo ambayo hayakuwa. Udi kwangu ni asubuhi ya Idi ya mwaka ule tuliopata uhuru, mimi nina miaka tisa na Siti kumi na tatu, na kosa nililolifanya kwa mapenzi matupu.

Siti alikuwa na uso wa kupendeza, lakini meno yake ya juu, yalipoota mara ya pili, yalitokeza nje kama watu wanaochungulia dirishani. Midomo haikukutana. Mahamri aliyauma kwa magego, kichwa amekiinamisha upande, na chai ilimchuruzika kidevuni kama hakujihadhari. Watoto wa bombani, tulikoteka maji, walikuwa na utani wao. “Siti, njoo kwetu! Mama asema mbuzi imevunjika, na nazi yangoja kukunwa.” Siti naye hakuzaliwa bubu. Aliweka ndoo chini, akajibu, “Mwambie mamako naja. Tui nitampa yeye, machicha nikupe wewe na kuku wenzako.” Bomba zima likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, ila ncha ya mtandio ilikuwa imeshafika mdomoni. Hivyo ndivyo alivyocheka siku zote, kwa macho na mabega, mdomo umefunikwa. Nyumbani nilimkuta mara nyingi mbele ya kioo cha kabati akiyasukuma meno ndani kwa kidole gumba, akihesabu mpaka mia, kisha akitazama kama yamesogea. Alichotaka ni kucheka kama watu wengine. Sikumjua kutaka kitu kingine chochote miaka ile.

Baba alifanya kazi kwa daktari wa meno mjini. Hakuwa daktari wala dresa. Alikuwa mtu wa plasta. Daktari akishachukua chapa ya meno ya mgonjwa, Baba ndiye aliyekoroga unga mweupe, akaumimina, akangoja ukauke, akatoa meno ya plasta yanayofanana na ya mwenyewe mpaka kwenye pengo. Kila asubuhi alivuka daraja la kuelea la Nyali kwa baiskeli, na alasiri alirudi na unga kwenye nyusi, kama mtu aliyezeekea njiani. Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake safi, maneno yake machache. Baba alikuwa akisema kwamba kwa miaka yote aliyokaa naye hajapata kumwona akicheka. Siku Baba alipokusanya ujasiri akampeleka Siti, daktari alitazama kinywa kwa muda mrefu, akauliza umri, akasema, “Umemleta kwa wakati. Samaki mkunje angali mbichi.” Alikubali kumtibu bila malipo, kama mtoto wa karakana yake, ila kwa sharti moja. Waya uvaliwe usiku na mchana, utolewe wakati wa kula na wa kuusafisha tu. “Siku nitakayoona mchezo, naacha,” alimwambia Baba mbele ya Siti. “Wako watoto wengi wanaongoja kiti hiki.”

Tuliuita waya, lakini ulikuwa zaidi ya waya. Ulikuwa kipande chembamba cha plastiki chenye rangi ya ufizi, kilicholala juu ya kaakaa, na mbele yake ukapita waya mwembamba uliokumbatia meno ya juu na kuyavuta ndani kidogo kidogo. Kila mwezi daktari aliukaza. Wiki ya kwanza Siti alitokwa na mate kama mtoto mchanga, na herufi zilimkataa. Jina lake mwenyewe akalitamka Thiti, samaki wakawa thamaki, nasi tukamtuma dukani makusudi akaagize sukari na siagi ili tumsikie. Alikwenda, akarudi na sukari, na hadithi ya jinsi mwenye duka alivyomwuliza kama ana moto mdomoni.

Habari ilipoenea, baraza yetu ikawa kama hospitali. Kila alasiri Baba alipoegemeza baiskeli, alikuta mtu anamngoja na swali. Mbele ya wote alikuwa Bi Mwanaidi, jirani yetu muuza mbaazi, mama wa watoto saba, ambaye hakuamini jambo mpaka aliulize mara tatu. “Baba Siti, yauma?” Baba alivua viatu, akakaa. Akasema yauma siku mbili tatu baada ya kukazwa, kama mtu aliyetembea sana anavyoumwa miguu, kisha yapoa. “Na meno hayatang’oka?” Hayang’oki, yanasogea, na mfupa unayafuata. “Mfupa wafuata jino? Wallahi Baba Siti, hebu acha.” Akauliza itachukua muda gani, akaambiwa mwaka na nusu, akashika kiuno akasema mimba mbili hizo. Akauliza mtoto atakula nini. Baba akamwambia siku za maumivu ni uji na ndizi mbivu, na siku zote ajihadhari na halwa, maana yanata, na miwa na mabuyu, maana yavunja. “Kwa hivyo hana raha duniani,” Bi Mwanaidi akasema, na Siti akacheka nyuma ya mtandio. Mwingine alitaka kujua kama jino la utoto la Siti lilirushwa upande mbaya wa paa. Baba akasema jino lilirushwa vizuri kabisa. Kilichoharibu ni kidole gumba, alichokinyonya mpaka miaka saba. Nami nilikuwa shahidi, kwa sababu nilikuwa nikikinyonya cha upande wa pili.

Swali lililowashinda wote lilikuja Ramadhani ilipokaribia. Je, waya mdomoni wabatilisha saumu? Na daktari akiukaza mchana, je? Baba hakujifanya mwanachuoni. Alikwenda kwa maalimu wetu wa chuo cha Kurani, na maalimu akauliza kitu kimoja tu, kama kuna chochote kinachoshuka kooni. Baba akasema hakuna. “Basi ni kama pete kidoleni,” maalimu akajibu, “ila mwambie daktari maji ya kusukutua yangoje magharibi.” Daktari alikubali, na mwezi ule alimkaza Siti bila tone la maji. Alifunga siku zote zilizompasa, waya mdomoni, midomo imekauka, na meno yalisogea. Niliyaona yakisogea. Ufa uliokuwa katikati ulianza kufunga kama mlango unaorudishwa taratibu.

Sasa nifike kwenye Idi. Asubuhi ile nyumba ilikuwa moshi mtupu. Mama alikuwa ameweka chetezo chenye makaa na vipande vya udi chini ya kitenga cha fito, na juu ya kitenga alitandaza kanzu ya Baba, magauni yetu, mitandio, hata mswala. Alikuwa na neno lake ambalo alilirudia kila Idi: “Kila kitakachovaliwa leo kinukie.” Siti alikwenda kuoga, na waya wake akauacha dirishani ndani ya kikombe cha bati. Nikauchungulia. Baada ya mwezi wa saumu, nasema ukweli, haukuwa na harufu nzuri. Nikafikiri: huu nao utavaliwa leo. Tena utavaliwa karibu na pua kuliko gauni. Nikaufuta kwa upindo wa leso, nikainua kitenga, nikauweka juu ya ukingo wa chetezo, mahali moshi ulipokuwa mzito. Kisha nikaenda kupakwa wanja.

Niliporudi, harufu ilikuwa imebadilika. Waya ulikuwa umejikunja kama ganda la chungwa lililoanikwa juani, na ile rangi ya ufizi imekuwa ya kahawia upande mmoja. Siti alisimama juu yake na nywele zinachuruzika maji. Alinitazama, akanielewa bila kuuliza. Mama alipoingia na kupiga ukelele, Siti alisema, “Ni mimi, Mama. Niliusahau karibu na chetezo.” Mimi sikusema kitu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijapata sababu nzuri ya kunyamaza kwangu. Niliogopa, basi. Baba aliukunja waya ndani ya kitambaa, akasema hapana, hataujaribu kwa maji moto wala koleo. Kitu cha mdomoni mwa mtu hakibahatishwi. Alikwenda kusali na kanzu yake inanukia, na uso wake haukuwa wa Idi.

Idi ilipokwisha alitupeleka wote wawili mjini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia, na walidhani nalilia matembezi. Daktari alikifungua kile kitambaa mkononi mwa Siti, akautazama ule waya, akaugeuza. “Mwanasiti, umeutia motoni?” Siti akasema ndiyo, aliusahau. Daktari akamtazama Baba. “Bwana Athumani, nilisema nini juu ya mchezo?” Baba aliinamisha kichwa. Ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba uongo ule mdogo wa kunikinga mimi ulikuwa unamnyang’anya dada yangu meno yake. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika kitu kwenye kadi. Nikasema kwa sauti iliyonitoka nyembamba kama ya paka, “Si yeye. Ni mimi. Niliufukiza udi.”

Kalamu ikasimama. “Uliufanya nini?”

“Niliufukiza. Mama alisema kila kitakachovaliwa Idi kinukie. Nao ulikuwa unanuka.”

Daktari aliuleta waya puani, akaunusa. Akaunusa tena, polepole, kama mtu anayechagua udi dukani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani amekasirika, mpaka nikaona Baba ameinua kichwa na amepanua macho. Daktari alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema katika maisha yake ameletewa waya uliotafunwa na mbwa, na uliokaliwa na shangazi, na uliotupwa na maji ya vyombo, lakini uliofukizwa kwa ajili ya Idi, huu ni wa kwanza. Baba naye akashindwa kujizuia. Na Siti, aliyekuwa amelala kwenye kile kiti na mikono yake chini ya kitambaa alichofunikwa kifuani, hakuwa na mtandio wala mkono wa kufunika. Alicheka wazi, kichwa nyuma, meno yote nje. Daktari akainama kumtazama hivyo hivyo akicheka. “Usinyamaze,” alimwambia. “Hebu tazama, Athumani. Yamefika nusu ya njia.” Akaichana ile kadi, akampa Baba unga wa plasta akaukoroge upya. Mimi nilipewa kazi ya kushika bakuli.

Siti aliuvaa waya wa pili mwaka ule wote. Aliacha kuuvaa mchana wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, wakati Kisauni nzima ilikuwa ikishona nguo na kufundishana nyimbo. Daktari alimwambia sasa yu huru, ila ataendelea kulala nao mwaka mmoja zaidi, la sivyo meno yatarudi yalikotoka. Baba alipotueleza jambo hilo barazani, Bi Mwanaidi akauliza kwa nini, kama kazi imekwisha. “Uhuru una masharti yake, Bi Mwanaidi,” Baba akajibu, na watu wakalichukua neno hilo wakalitembeza mpaka Mtopanga, sijui kwa maana gani. Pale bombani wale watoto wa utani wa mbuzi walijaribu mara moja tu. Siti aliwachekea, mdomo wazi. Wakarudi kwenye ndoo zao.

Miaka hii ya karibuni mjukuu wa Siti, Salha, alivishwa vyuma vya meno hapa hapa bara, haikumlazimu kuvuka daraja. Vyuma vyake vilibandikwa jino kwa jino, vikafungwa na vipira vya rangi alizozichagua mwenyewe, na shule nzima wanavyo, hakuna anayemtania. Vilipotolewa alipewa kipande cha kulalia, chembamba na chenye kung’aa kama kioo, na kikasha chake. Mambo yamekuwa mepesi, nami nafurahi. Lakini maswali ni yale yale. Nimewasikia mama zake wakiyauliza: yauma, yang’oa, atakula nini, yabatilisha saumu? Hakuna Baba wa kuyajibu akiwa na unga kwenye nyusi, kwa hiyo Ramadhani iliyopita aliyajibu Siti, amelala kitandani kwa ugonjwa, moja baada ya moja, kwa maneno ya Baba. Meno yake mwenyewe yalikuwa yamebaki tisa, yote yamenyooka. Alipomaliza alimwambia Salha, akininyoshea mimi kidole, “Na Idi ikifika, kikasha chako usikiache karibu na bibi yako Mishi.” Akacheka. Sikumsikia akicheka tena baada ya hapo.

Siku ile ya maziko, wanaume walipokuwa wamerudi kutoka makaburini na sisi wanawake tumebaki na visomo, mtu aliongeza udi kwenye chetezo, akakiweka juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Salha alikuwa amekaa ukutani, macho yamevimba. Alikitazama chetezo. Akanitazama mimi. Kisha akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akakichukua kikasha chake kilichokuwa juu ya meza ile ile, akakipeleka chumba cha pili. Nikajifunika uso kwa leso, mabega yakinitikisika. Mwanamke aliyekaa karibu nami alidhani nalia, akanisogezea kikombe cha maji. Nikayanywa.