Wimbo Uliofika Habaswein kabla ya Mwenyewe

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, siku niliyompa dereva wa basi kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nywele zimenisimama kichwani, na gita la umeme ambalo marehemu baba yangu alikataa katakata kuliita kazi. Keti basi nikusimulie. Jana ulinijia mbio mbio na hiyo simu yako, nikakwambia nitakujibu kesho, ukanuna. Kesho yenyewe ndiyo hii. Swali lako si la kujibiwa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Uliniuliza, wewe mtoto wa dada yangu: "Abti, siku hizi lazima upeane bure kwanza ndio wasee wakujue. Tuachilie albamu yote mtandaoni, ama tubakishe?" Nikasikia na lile ulilolisema kwa sauti ya chini, kwamba bendi yenu ya roki ina nyimbo tisa mpya, na kwamba Mwende, yule binti wa mwalimu anayewapigia besi, ameomba wimbo wake mmoja usitoke kwanza, na huo ndio mtamu kuliko zote. Ulilisema haraka ukapita. Mimi nilikwama hapo hapo, na usiku sikulala vizuri.

Sisi tulikuwa watatu. Mutua alikuwa mpiga ngoma. Baba yake alikuwa karani aliyeletwa Garissa na serikali kutoka Kitui. Mwimbaji wetu alikuwa Dekow. Mimi na gita langu. Tulifanya mazoezi nyuma ya ghala la baba, karibu na soko la mifugo, na mbuzi walitusikiliza kwa adabu kuliko binadamu. Watu wazima walisema tumepagawa. Wallahi, leo ningepewa alasiri moja tu ya zile, jua linachoma mabati, Mutua anacheka, Dekow amefumba macho anatafuta sauti, ningeacha chakula mezani nikakimbia.

Dekow alitoka Habaswein. Siku moja akiwa na miaka kumi na saba aliwaacha ngamia wa mama yake kisimani, akapanda lori la makaa, akaja mjini kutafuta muziki. Mama yake, Hooyo Ebla, alikuwa mjane, na ngamia wawili hawakuonekana tena. Alimtumia mwanawe ujumbe mmoja tu: asirudi mikono mitupu, na hakuwa anasema habari za pesa. Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu jambo zito halisemwi kwa maneno makavu. Mtu akikosa, hutunga shairi la kuomba radhi, akalipeleka mwenyewe. Asipoweza, hulipeleka mjumbe, na mjumbe huyo hutaja kwanza jina la aliyelitunga, ndipo afungue kinywa. Dekow alihangaika na shairi lake miaka sita. Mwishowe akalitia katika gita letu, likawa wimbo, na sijasikia tena wimbo uliouma namna ile.

Tulikwenda Nairobi tukarekodi nyimbo nane siku moja, tukarudi na kanda. Mpango ulikuwa kuuza nakala siku ya Idd. Lakini nani alitujua? Mutua akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba kizuri kisichosikika hakijiuzi kamwe, na biashara ni matangazo. Tuwape madereva wa mabasi nyimbo mbili bure, wazipige njiani mpaka Wajir, abiria washuke wanaziimba, Idd ikifika watatutafuta wenyewe. Hapo sikukosea, mwanangu, na mpaka leo sijabadili neno. Wote tulikubali. Dekow akaweka sharti moja.

"Toa hata saba zote ukipenda," aliniambia. "Huu wa hooyo usiuguse mpaka nimwimbie mwenyewe."

Nikasema sawa. Kusema sawa ni rahisi. Siku ya siku nikaenda kwenye duka la kanda kunakilisha zile nyimbo mbili, nikakuta limefungwa. Basi la Wajir lilikuwa linapakia. Mfukoni nilikuwa na nakala moja ya kanda nzima, nyimbo zote nane, juu yake haikuandikwa kitu. Hata ile salamu ya desturi ya kutaja majina yetu mwanzoni mwa kanda hatukuwa tumeirekodi. Nikampa dereva. Nisikudanganye kwamba ni haraka tu iliyoniponza. Ndani ya moyo nilijua wimbo wa Dekow ndio utakaotuuza, na nilitaka sana watu wanijue. Hilo ndilo lililonisukuma, duka lilikuwa kisingizio.

Dekow mwenyewe alikuwa Masalani kwa mjomba wake, anasaidia shamba kando ya mto. Katika wiki tatu wimbo ukaenda na ukarudi. Nikausikia kwa vijana wa soko la mifugo, wanaupiga mluzi huku wanafukuza mbuzi. Nilivimba kichwa. Hakuna aliyetaja jina letu, lakini nilijiambia watajua tu. Ndipo alasiri moja Dekow akapita Garissa njiani kwenda kwao, amevaa shati jipya, amemnunulia mama yake kitambaa na majani ya chai. Tulikaa pamoja hadi basi lilipoita. Alikuwa na furaha mpaka akawa anasahau analosema. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, mwanangu, nafasi nzima ya saa mbili. Nikamwambia anisalimie mama.

Idd ikafika. Tulitandika kanda zetu juu ya meza, Mutua amevaa tai. Watu wakija, wakisikiliza kidogo, wanasema hizi tunazo, ni za yule kijana wa Mandera. Mandera? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Mandera. Lakini hilo halikuniuma kama kutomwona Dekow. Aliahidi kurudi kabla ya Idd. Siku ya tatu nikapanda basi.

Habaswein nilishuka na kusikia sauti yake kabla sijakanyaga chini vizuri. Ilitoka duka moja la kanda, imefifia kwa kunakiliwa mara nyingi, gita langu linakwaruza. Nikamuuliza mwenye duka ni nani anayeimba. Akasema kijana wa Mandera. Nikamuuliza amejuaje. Akacheka, akasema wateja walimuuliza mno, na kanda isiyo na mwenyewe haiuziki, ndipo akaibunia mwenyewe.

Nilimkuta Hooyo Ebla nje ya nyumba yake, anasuka kamba. Nilijitambulisha kuwa rafiki wa Dekow. Hakuinua macho. Akanieleza kwa utulivu ambao mpaka leo unanitisha. Alisema majirani walikuwa na kanda, na kwamba aliusikia wimbo mmoja wa kijana anayemwomba mama yake radhi kwa ngamia aliowaacha kisimani. Aliulilia. Kila alipomaliza kuswali alimwombea kijana yule, akamwombea na mama aliyemzaa, akasema laiti wangu angekuwa na moyo huo. Sauti hakuitambua. Sauti aliyoijua yeye ilikuwa ya mtoto anayewaita ngamia, na akina mama waliokimbiwa na vijana wao sehemu zile hawahesabiki.

Kisha mwanawe akaja. Akaketi mbele yake, akauimba wimbo ule ule.

"Nikamwambia, hata radhi umekwenda kuiba kwa mtoto wa mwenzangu," alisema Hooyo Ebla. "Aliacha chai yake, akaondoka."

Hapo ndipo nilipoanguka magoti, mimi mwenye nywele zilizosimama. Nilimwambia yote: sharti la Dekow, duka lililofungwa, dereva, zile saa mbili nilizonyamaza. Nikamwambia wimbo ni wa mwanawe, aliutunga miaka sita, na hakuna Mandera yoyote. Nilitarajia anitukane. Aliifunga kamba fundo la mwisho, akaiweka chini. Alipoanza kusema alisema polepole.

"Mtu akipungukiwa, tunampa ngamia mwenye maziwa akamue, watoto wake wanywe. Sisi si wachoyo. Lakini ngamia huyo ana alama yangu shingoni, popote alipo watu wanajua ni wa nani. Wewe ulimtoa ngamia wa mwenzako bila alama, na hukumwuliza. Huo si ukarimu, kijana. Ukarimu ni wa mtu na chake."

Halafu akaingia kwa jirani, akarudi na ile kanda na kalamu. Yeye hakujua kusoma. Akaniambia niandike jina la mwanawe juu yake, na jina la baba yake, na jina la babu yake. Niliandika kama alivyonitajia. Alipokwisha kuyapitia majina kwa kidole ndipo akauliza lile swali nililoliogopa.

"Sasa yuko wapi mwanangu?"

Sikujua. Nilimtafuta Wajir, nikamtafuta Masalani kwa mjomba wake. Baadaye nikafika hadi kambi ya wakimbizi ya Ifo, kwa sababu mtu alisema amemwona huko akipakua magunia. Wapi. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine wakasema yuko baharini na meli. Baba wa Mutua akahamishwa, bendi ikafa, gita nikaliuza. Hooyo Ebla alikaa miaka kumi na moja anasubiri, na kila nilipopita Habaswein alinikaribisha chai, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Alizikwa mwanawe hayupo. Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu amekua mbele ya macho yangu.

Moyo unamkumbuka Dekow mpaka unauma, mwanangu. Nakwambia wazi kwa sababu sisi wanaume wa huku tunaficha mambo haya mpaka yanatuua. Mzee mzima nina ndevu nyekundu za hina, nina wajukuu, na bado nikisikia mtu anapiga mluzi sokoni nageuka.

Basi shika jibu lako. Nyimbo za bure toeni. Watu hawanunui wasichokijua, na mkono wa kutoa haujawahi kumnyima mtu riziki yake. Toeni mbili au tatu, watu waonje, watamani zilizobaki. Lakini kabla hazijatoka, ketini chini nyote, na asikosekane hata mmoja, kwa maana mali ya wengi haigawiwi na mmoja hata kama yeye ndiye mwenye simu. Tajeni majina yenu ndani ya muziki wenyewe, kwa mdomo, mwanzoni, mahali ambapo hapafutiki. Na ule wimbo wa Mwende, usiuguse. Usimwulize hata sababu. Wewe unauona mtamu, nami niliuona mtamu. Huenda kuna mtu mmoja mahali fulani anayepaswa kuusikia kwanza kutoka kinywani mwake, na mtu huyo akishausikia kwa mwingine, hakuna albamu itakayolirudisha hilo. Na kama umekwisha kuutuma kwa mtu, mwanangu, nenda kwa Mwende sasa hivi ukamwambie. Acha hata hiyo chai. Mimi nilikuwa na saa mbili.

Mola akufungulie masikio ya watu, Garissa hadi Nairobi na ng'ambo huko. Akujalie wenzako wakuamini, nawe usiwasaliti, na kila utakachokitoa kitoke kwa radhi na kirudi kwa baraka. Na muziki wenu ukifika mbali, maana siku hizi unafika popote, ukakutana na mzee mwenye sauti ya juu anayeitwa Dekow, asiyependa kuzungumzia kwao, mshike mkono umwambie: mama alijua kwamba wimbo ni wako.