Kastadi ya Barafu na Sweta ya Kijani

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, hapa Thika, na mimi mwenyewe sipendi kabisa kuvaa sweta. Lawama nampa mama. Mwezi wa saba alituvalisha sweta, sawa, mwezi wa saba hata ng'ombe wanatetemeka. Lakini alituvalisha pia mwezi wa pili, jua likipasua udongo wa shamba letu mashariki ya mji, nasi tukaenda kanisani tumefungwa vifungo hadi kidevuni. Tukinunuliwa soda, mwenye duka aliuliza, "Baridi ama moto?" Mama hakumngoja amalize. Moto. Na hiyo moto ya dukani, ambayo ni soda tu iliyokaa rafuni, haikumtosha. Nyumbani alizamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya moto kwanza, ndipo tukanywa. Mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyelelewa kwa soda ya kupashwa.

Aiskrimu hatukuthubutu hata kuitaja. Nilipokuwa na miaka minane tulikuja mjini kwa shughuli za sokoni, akapita muuzaji mwenye baiskeli na sanduku jeupe mbele. Nikamshika mama sketi. Akasema neno moja tu, "Nimonia," akanivuta mkono. Nililia mpaka tukafika nyumbani, na kinyongo hicho nilikitunza miaka zaidi ya thelathini. Kila Krismasi, akitupikia kastadi yake ya moto yenye ndizi, nilimkumbusha mbele ya wageni, na wageni walicheka.

Mwaka juzi mama alipatikana na uvimbe kooni. Daktari alisema unatibika kwa miale, siku tano kwa juma, majuma saba mfululizo. Basi mwezi wa kwanza akahamia kwangu Ngoingwa, na mfuko mmoja wa nguo, Biblia, na maagizo marefu kwa jirani aliyebaki akimkamulia ng'ombe.

Hospitalini walimtengenezea kinyago cha plastiki kwa kipimo cha uso na shingo yake. Kila asubuhi alilala chini ya mashine, kinyago kikafungwa kwenye meza asisogee hata kidogo, miale ikapiga palepale ilipotakiwa kupiga. Majuma mawili yalikwenda vizuri. La tatu, mdomo wote ukawa vidonda. Ugali ukamshinda, viazi vikamshinda, mpaka uji akawa anautazama tu. Muuguzi aliyempima uzito kila Jumatatu aliniita kando.

"Akikonda zaidi kinyago kitalegea," akaniambia. "Kikilegea daktari atasimamisha matibabu, na hii dawa haitaki kukatizwa katikati. Mtafutie kitu laini, kitu baridi. Baridi inaua maumivu mdomoni."

Nikampigia simu dada yangu mdogo, anayeishi Mwihoko. Msimu wa joto yeye huuza kastadi ya barafu kwa vikombe, mbele ya ploti anapokaa, na watoto wakitoka shule hupanga foleni mpaka barabarani. Haweki maji wala rangi na ladha za chupa. Ni maziwa, viini vya mayai, sukari, na unga wa kastadi kidogo. Anapika kwa moto mdogo, anaacha ipoe, anaingiza kwenye friza, halafu kila baada ya muda anaitoa na kuikoroga kwa mwiko ili isigeuke mawe. Nilipomweleza alivyosema muuguzi, akasema, "Tafuta maziwa ya ng'ombe wa mami. Nampikia ya kwake peke yake."

Ijumaa akashuka kwa bodaboda getini kwangu, amekumbatia kikapu cha barafu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Vikombe kumi. Mama aliangalia rangi ile ya manjano akatabasamu, mara ya kwanza juma lile. "Ni maziwa yangu hii?" akauliza. Kisha akakigusa kikombe kwa kidole, na tabasamu likaondoka.

Nilimwachia maagizo: kimoja saa sita, kimoja alasiri. Ilikuwa msimu wa shule kufunguliwa, sweta zilikuwa zimejaa karakana mpaka sebuleni kwangu, na wazazi walikuwa wananipigia simu kila saa. Jioni nikirudi nilikuta vikombe vimeoshwa, vimepinduliwa kwenye sinki. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimpigia dada yangu nikamwambia alete vingine.

Jumatatu mizani ikaonyesha amepungua tena. Muuguzi alijaribu kinyago, akapitisha kidole kati ya plastiki na shavu la mama. Akasema Jumatatu ijayo ndiyo daktari ataamua.

Nilimrudisha mama nyumbani nikaenda kazini, lakini mikono ilikataa kazi. Saa sita nikarudi. Nikamkuta amekaa barazani, hajaniona, kikombe cha kastadi kimezamishwa kwenye bakuli la maji ya moto. Soda ya utotoni kabisa! Alikuwa ameipasha mpaka ikawa nyepesi kuliko chai. Akachota kijiko kimoja, akameza, machozi yakamtoka. Cha pili. Halafu akainama, akammiminia paka wa jirani kilichobaki. Paka yule alikuwa amenenepa vizuri tu, nami nilikuwa sijajiuliza kwa nini.

Hasira zangu ni za haraka, na hilo sijivunii. Nilifoka.

"Mami! Unataka kufa kwa sababu ya baridi?"

Aliruka, kijiko kikaanguka. Paka akakimbia. Mama akafuta macho kwa ncha ya leso, akaniambia nikae. Sauti yake wakati huo ilikuwa kama ya kukwaruza, ikabidi nisogee karibu.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine," akasema. "Msichana. Alikuwa na miezi saba."

Sikuwa nimewahi kusikia jambo hilo. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilijijua maisha yangu yote kuwa kifungua mimba.

"Nilienda na yeye kuchuma kahawa, mwezi wa saba, kulikuwa na ile mvua ndogo ya asubuhi. Nilikuwa nimemfunga na leso moja. Sweta ilikuwa imelowa nikaiacha kwa kamba. Nikasema leo tu." Akameza kwa taabu. "Ilikuwa nimonia. Siku tatu."

Akaniambia nilipozaliwa aliapa kwamba baridi haitapita tena katika mdomo wala kifua cha mtoto wake. Baba alimwomba wasituambie, wasitutie woga. Akashika neno hilo hata baada ya baba kufariki. "Nikiona hiyo barafu," akasema, "mkono wangu unakataa. Najua ni dawa. Lakini unakataa."

Nilikaa pale na aibu yangu. Nilifikiria zile Krismasi zote, wageni wakicheka, naye akicheka pamoja nao huku akigawa kastadi. Nikamwambia, "Mami, nisamehe." Akasema, "Aca, hapana, wewe ungejuaje?"

Sijui wazo lilitoka wapi. Niliingia sebuleni, nikafungua rundo la sweta za sekondari moja, za kijani, kola ya V yenye mstari wa manjano, nikachagua saizi kubwa mbili. Nikamvalisha moja juu ya rinda lake. Nikamvika kofia ya sufu, nikamfunga leso mabegani. Halafu nikavaa ile ya pili, mimi ambaye sivai sweta. Saa sita na nusu, mwezi wa pili, jua la Thika likiwa juu ya vichwa vyetu. Nikatoa vikombe viwili kwenye friza, vigumu kabisa.

"Sasa huwezi kupata nimonia," nikamwambia. "Wala mimi."

Aliniangalia. Akajiangalia, mwanafunzi wa miaka sabini na moja. Akacheka mpaka akashika koo kwa maumivu. Kisha akafumba macho, akaomba. Mama akiomba chakula huwa anazunguka ukoo mzima, lakini siku hiyo aliomba maneno machache, akachota kijiko kidogo sana na kukiweka ulimini. Akasubiri. "Haiya," akasema polepole. "Haiumi."

Alimaliza kikombe. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya ile kofia, lakini alimaliza, akakwangua na chini. Na mimi nilimaliza changu. Kilikuwa kitamu, chenye mafuta ya maziwa ya nyumbani, na nilishukuru kila kijiko.

Tulivaa sweta zile kila siku kwa majuma yaliyobaki, nami kazi ikanisubiri. Dada yangu alipomkuta mama vile barazani alidhani homa imempanda, mpaka nikamweleza yote, akalia, akaingia sebuleni akachagua yake. Jumatatu iliyofuata mizani haikushuka, daktari akasema tuendelee. Ile nyingine ikapanda kidogo. Kinyago hakikulegea zaidi, na mama alimaliza siku zake zote chini ya mashine bila kukatizwa hata moja. Leo yuko shambani kwake, anakula ugali, anagombana na ng'ombe wake kwa sauti iliyorudi karibu yote. Sina namna ya kushukuru inayotosha.

Mwezi wa saba uliopita alinipigia simu asubuhi, kuna ukungu na ile mvua ndogo. Hakusalimu. "Umevaa sweta?" akauliza, kama alivyoniuliza kila mwezi wa saba tangu nizaliwe. Zamani ningemwambia ndiyo, upesi, nikiwa na blauzi tu, ili aniache.

Nilikuwa sijavaa. Nikamwambia asikate simu, nikaenda kabatini, nikaitoa ile ya kijani, nikaivaa na kujifunga kitambaa shingoni. Ndipo nikarudi nikamjibu.