Koti la Babu Gazetini

Mpaka leo nikiliona gazeti lile la katuni kwenye meza za wauza magazeti pale Majengo, Songea, damu inanichemka.

Babu yangu alipofariki, mama hakulia wala hakula. Alikaa mkekani akitazama ukuta. Ndipo akaingia mtani wetu, bibi mmoja wa Namtumbo, ambaye ukoo wake na wetu tunataniana na kuzikana tangu enzi za mababu. Akalitwaa koti la marehemu, akalivaa, akachechemea kama babu, akakohoa kama babu, kisha akauliza kwa sauti ya babu, "Nani kamla jogoo wangu? Hata kaburi halijachimbwa, mmeshaanza kugawana?" Mama akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na baada ya kilio akaomba uji. Kwetu hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna anayemwona amekosa adabu.

Siku hizo nilikuwa natuma hadithi fupi kila mahali na hakuna aliyenijibu. Nikakiandika kisa hiki kiwe katuni, picha kwa picha: koti, kikohozi, jogoo, mama akicheka. Nikakituma Dar es Salaam, kwenye gazeti lile. Safari hii mhariri alinipigia simu mwenyewe.

"Dogo, unaandika vizuri," alisema. "Ila msibani nani anacheka? Wasomaji hawatakuelewa."

Nikamweleza utani wetu ni nini. Akaitikia sawa, sawa, nami mjinga nikadhani amesikia.

Katuni ilitoka na jina langu juu. Chini yake, bibi mwizi anaiba koti la maiti na waombolezaji wanamkimbiza kwa fimbo. Walimchora mpaka pengo lake la mbele, kwa sababu pengo nililiandika mimi, kwa mapenzi. Songea nzima ilimtambua. Nilipompigia mhariri, alicheka. "Mbona imependwa sana? Tuletee nyingine ya huyo mwizi." Nilimtukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua, na sijutii hata moja. Mtu hajawahi kukanyaga Ruvuma, lakini anajua sisi tunaliaje na tunachekaje!

Nilikwenda Namtumbo. Nilimwamkia bibi shikamoo, nikampa habari yote kama ilivyokuwa. Alinipa ugali na mboga, akasema hana neno na mimi. Nikarudi nyumbani nikiwa na nafuu.

Kisha shangazi yangu akafariki. Bibi alikuja, kama ilivyompasa, akaketi katikati ya wanawake na khanga yake kichwani. Watu walimsubiri aanze utani. Mwishowe mama akaingia ndani, akatoka na kitenge cha shangazi, kile alichopenda kujitanda akienda sokoni, akampelekea. Bibi alikitazama bila kukigusa.

"Kirudishe ndani, mwanangu," alisema. "Kikipotea, wataniangalia mimi."

Mama akakirudisha. Alipotoka alikaa mkekani, akautazama ukuta.